Sifongo ya Biharusi

"Usiisifu sifongo hujaikamua." Mnaisema kila mkiteta juu ya wachumba, wajukuu zangu, na asili yake hamuijui. Basi sikilizeni, maana ilizaliwa hapa hapa kijijini kwetu.

Zamani hizo wanawake wa pwani hii waliogea madodoki. Salhina, akiwa mchumba wa mtu, akaiona sifongo dukani mjini, laini, ya manjano. Ilikuwa moja tu, na mke wa tajiri akaiwahi. Salhina akarudi analia, akaapa kuwa siku ya harusi haogeshwi kwa kitu kingine.

Mama yake, Bi Mosi, akasema, "Si hutoka baharini? Tukaitafute. Atakayeipata ndiye atakayemwogesha biharusi."

Heshima hiyo kila mwanamke aliitamani, lakini aliyeihitaji hasa ni Mwanapili, mke wa kaka yake Salhina. Alizaliwa mashambani, na tangu aolewe hapa walimwita mgeni mbele ya uso wake. Kwenye shughuli zao wakimwachia kuosha masufuria tu. Roho ilimuuma.

Maji yalipokupwa wakaingia wote. Ya dukani ilikuwa ya manjano, basi wakatafuta manjano, wakajaza makapu huku wakiimba. Mwanapili yeye alikamua kila aliyoiona, akaiachia, akaitazama. Alirudi na moja, nyeusi, yenye utelezi na harufu.

"Wifi, ndiyo nini hiyo?" Salhina akauliza. "Unataka kunipaka masizi?"

Wakacheka wote.

"Bahari siijui, wifi yangu, lakini kukamua tui najua," akajibu Mwanapili. "Zikamueni zenu."

Bi Mosi akaikamata ya manjano iliyo kubwa kuliko zote, akaikamua. Ikamomonyoka, na viganja vikamwasha mpaka akapiga ukelele. Akaichukua ile nyeusi kwa shingo upande. Ikanywea mkononi, na alipoiachia ikajaa tena.

Wakaifukia mchangani mpaka ngozi ile nyeusi ikaoza, wakaiosha, wakaianika. Na ndani, jamani, manjano ile ile ya dukani!

Siku ya harusi Mwanapili alitangulia na beseni, vigelegele vikimfuata, naye Bi Mosi akipaza sauti, "Pisheni, mwanangu apite!" Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwita mgeni.

Kwa hiyo mkiniletea mchumba na kunisifia viatu vyake, nitawajibu kama Bi Mosi alivyowajibu wote waliocheka: usiisifu sifongo hujaikamua.