Mpinzani wa Kuazima

Hapo zamani, Chama kilipokuwa kimoja na kila kitu kikiitwa cha wote, palikuwa na nchi ya Tambarini, na mtawala wake alikuwa Ndugu Mwenyekiti Fakihi. Basi Chama kikaanguka, lakini Fakihi hakuanguka nacho. Alivua kofia ya Chama, akavaa tai, akaitwa Mheshimiwa Rais, na vile vilivyokuwa vya wote vikawa vyake. Hata nyumba ya Mbwarali, mchekeshaji asiye na mbele wala nyuma, iliyochukuliwa na Chama kuwa ghala la kijiji, sasa ikawa banda la bata wa Rais, na mwenye nyumba akawa analala kwenye baraza za watu.

Ikawa wageni wa nchi za mbali wametuma habari kwamba wanakuja kuutazama upinzani. Rais akafadhaika, kwa kuwa wapinzani wote alikwisha kuwafunga. Akamwita Mbwarali.

“Wewe una mdomo. Utakuwa mpinzani wangu kwa siku moja.”

“Nami nitapata nini, Mheshimiwa?”

“Nyumba yako.”

“Na bata?”

“Watahama. Lakini sikiliza vema: mbele ya wageni upinge kila nitakalosema. Ukikubali hata neno moja, utawafuata wenzako gerezani.”

Siku ilipofika uwanja ukajaa. Rais akasimama, akasema, “Wageni wetu, karibuni.”

“Napinga!” akapaza sauti Mbwarali. “Jua lote hili, na viti havitoshi! Wangekuja jioni.”

“Nchi yetu imebadilika sana.”

“Napinga! Nchi iko palepale, uliyebadilika ni wewe, tena mavazi tu!”

Watu wakapiga makofi, maana tangu enzi za Chama desturi ya Tambarini ilikuwa hiyo: jambo likisemwa jukwaani hupigiwa makofi, na likipigiwa makofi limepita, hapana kuhesabu kura. Wageni wakanong'onezana, “Naam, huu ndio upinzani!”

Rais akaona uchungu kumpa nyumba mjuvi yule. Akatabasamu, akasema kwa sauti ya upole, “Wananchi, leo hii namrudishia Mbwarali nyumba yake.”

Mbwarali akauona mtego. Akipinga, nyumba imekwenda. Akikubali, gereza linamngoja. Askari wawili wakamsogelea. Akajikuna kichwa, kisha akavuta pumzi.

“Napinga! Unirudishie mimi peke yangu, kwani mimi nani? Rudisha nyumba za watu wote, na hao uliowafunga uwafungue wakalale kwao!”

Makofi yakalipuka. Wananchi wakapiga, askari wakapiga, na Fakihi mwenyewe, aliyezoea miaka yote kupiga makofi kila watu wapigapo, akajikuta anapiga kwa nguvu kuliko wote.

Mgeni mmoja akauliza, “Basi jambo hilo limepita?”

Rais akaitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka tai ikamkaba.

“Limepita,” akasema. “Mbwarali, baradhuli mkubwa we! Nitokee hapa kabla sijaigawa na Ikulu!”

Basi milango ya gereza ikafunguliwa, watu wakarudi majumbani mwao, na bata, kwa kukosa pa kwenda, wakahamia kwa Rais. Nami hekaya yangu nimeitua hapo, aitakaye aibebe.