Mawe ya Mtumbwini

Fumbo la mawe na maji limenishinda mpaka leo, lakini halikumshinda Siwatu, muuza maandazi.

Bwana Hemedi, tajiri aliyejua kila kitu ila kunyamaza, alilizungushia ukuta birika la kijiji, watu wakabaki na kiu. Mawe yaliyosalia ujenzini aliyapakia kwenye mtumbwi, akauacha ukielea birikani, wezi wasiyafikie.

Siwatu akabisha hodi. "Bwana mkubwa, nikiyatosa mawe yako birikani, maji yatapanda?"

"Hata mbuzi anajua hilo!"

"Basi mbuzi amenizidi. Mimi naona yatashuka."

Bwana Hemedi akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Akawaita majirani washuhudie ujinga. "Yakishuka, ukuta huu na ubomolewe!"

Siwatu akachora mstari wa mkaa ubavuni mwa birika, usawa wa maji, akayatosa mawe yote. Mtumbwi ukainuka. Maji yalipotulia, mstari ulikuwa juu yake, mkavu.

"Uchawi!"

"Mtumbwini, Bwana, jiwe husukuma maji mengi, kwa uzito wake. Likizama, husukuma machache, kwa ukubwa wake tu."

Majirani wakaamua ukuta ubomolewe siku ileile. Aliyeubomoa ni Bwana Hemedi mwenyewe. Siwatu alimshikia kofia.