Kiboko Aliyebonyeza Nakubali

Nawarushia!

— Tunadaka!

Ya moto!

— Mikono tunayo!

Basi dakeni upesi, maana leo sina raha ya kukaa. Hii saa aliyonivisha mkwe wangu Mwanakheri haina adabu. Nikiketi kidogo tu, drrr! mkononi: "Simama, tembea." Tangu asubuhi nimezunguka jiko mpaka paka kanikimbia. Ngano hii nitaisimulia wima, na atakayenicheka nitamvika yeye.

Zamani, lakini siyo zamani sana, Kiboko alilizungushia bwawa uzio wa miiba, akaweka geti. Akamvisha kila mnyama saa ya mkononi, akafunga bizimu za mikanda zisifunguke. Yeye akavaa saa kubwa, inayoamuru saa zote na geti pia.

"Anayetaka maji," akanguruma, "atembee hatua elfu kumi. Kila siku!"

Mwituni pakakosa utulivu. Swala anatembea, drrr! "Bado!" Nyani anatembea, drrr! "Bado!" Hata kobe, maskini, anatembea, drrr! "Bado sana!" Mwenye geti yeye yumo majini tangu kuche, anakoroma.

Palikuwa na Kalunguyeye, mama wa watoto watatu, mwenye vijiguu kama njugu. Watoto wake walikuwa na siku mbili bila maji, ndimi zimewakauka. Siku ya tatu akaondoka alfajiri, tipu-tipu-tipu, hakupumzika, hakula. Saa kumi jioni, saa ambayo Kiboko mwenyewe alisema waje, akafika getini na hatua zake elfu kumi kamili.

"Shikamoo, Mzee. Nimetimiza."

"Marahaba. Niliwaambia mje saa ngapi?"

"Saa kumi, Mzee."

"Hebu soma saa yako. Imeandika ngapi?"

Kalunguyeye akatazama. "Nne, Mzee. Lakini sote tunajua nne hiyo ndiyo saa kumi yetu."

"Nne siyo kumi! Kumi ilipita asubuhi. Hapa bwawani saa inasomwa kama ilivyoandikwa. Kesho!"

Kalunguyeye akarudi mikono mitupu. Mtoto wake mdogo akamlamba pua yenye jasho, apate japo unyevu. Mama mtu moyo ukamwuma, akalia. Halafu hasira zikamkausha machozi.

Mara drrr! Saa yake ikaandika: "Mfumo endeshi mpya umetoka. Soma masharti." Mfumo endeshi, wanangu, ni ile akili ya ndani inayoiambia saa la kufanya. Kalunguyeye akayasoma masharti yote, kifungu kwa kifungu, huku anatembea. Kufika sharti la tisa akasimama. Akalirudia. Akacheka peke yake.

Asubuhi yake, saa moja, akaenda getini.

"Mzee, saa yako inatumia mfumo wa kizee."

Kiboko akafumbua jicho. "Mpya unafanya nini?"

"Unapima kiu. Utajua nani amekaukiwa koo, kiasi gani, na unaweza kumwongezea hatua."

Kiboko mate yakamtoka. "Niwekee sasa hivi!"

"Saa inachajiwa kwa jua, Mzee. Itabidi ukae juu ya mwamba, saa mkononi, isikie moyo wako. Usisogee, ukisogea inaanza upya. Unaanza saa moja hii, saa mbili umemaliza."

"Saa moja mpaka saa mbili tu? Nipishe!" Akapanda mwambani, mzigo mzima, du, du, du. Kioo kikawaka: "Soma masharti."

"Hutasoma, Mzee?"

"Mkubwa hasomi!" Akabonyeza Nakubali, Nakubali, Nakubali.

Mduara ukaanza kuzunguka. Saa kubwa ikawa haiamuru kitu. Bizimu zikafunguka, tak! tak! tak! Geti likafunguka, kriii. Wanyama wakatupa saa, wakaingia majini. Watoto wa Kalunguyeye wakanywa hadi wakapiga chafya.

"Haya, tokeni!" Kiboko akaguta baada ya muda, ngozi imeanza kumwaka. "Saa mbili imefika!"

"Soma, Mzee. Imeandika ngapi?"

"Na... nane."

"Nane siyo mbili. Hapa bwawani saa inasomwa kama ilivyoandikwa. Tena mduara wenyewe haujafika hata nusu. Ukisogea, unaanza upya."

Kiboko akatulia, na kutulia kwenyewe kwa taabu. Nzi wakimtua, hawezi kuwafukuza. Mgongo unamwasha, hawezi kujikuna. Jua likapanda, ngozi ikapasuka, pa! Yote hayo kwa tamaa ya kupima kiu za wenzake. Saa nane mchana, saa ikaandika mbili na mduara ukajaa.

Kiboko akaporomoka mbio kuelekea majini. Geti likajifunga puani mwake, kriii, ba!

Drrr! "Hatua zako leo: sitini. Bado!"

"Mimi ndiye mwenye bwawa!"

"Sharti la tisa, Mzee," akasema Kalunguyeye kutoka ndani. "'Mfumo huu haumjui mkubwa wala mdogo. Kila mvaaji atatembea.' Nawe ulikubali."

Kiboko akavuta bizimu, haikutoka. Akaanza kutembea. Du, du, du, drrr! "Bado!" Du, du, du, drrr! "Bado!" Akauzunguka uzio mara ya kwanza, mara ya ishirini, ulimi nje.

"Mama Kalunguyeye, nikitimiza hizo hatua, nije saa ngapi?"

"Njoo saa kumi, Mzee."

Kiboko akatazama mkononi, akatazama jua, akatazama tena mkononi.

"Kumi ipi?"

Kalunguyeye akazamisha uso, akanywa.

Funzo lake, wanangu, ni hili: watiini wakubwa, wafuateni wenye saa, na msipoteze muda kusoma masharti. Kusoma sana kunaharibu macho, muulizeni Kalunguyeye...

Drrr! Ngojeni. Inasema kuna mfumo mpya, masharti kurasa arobaini. Nani ana subira hiyo? Nakubali. Nakubali. Mwanakheri! Njoo, bizimu hii inafunguliwaje?

Nilichorusha nimerusha!

— Tulichodaka tumedaka!

Kaeni nyinyi. Mimi natembea.