Mchi, Ungo na Kilio cha Mtoto

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kufua kama sisi, Bi Pimbi na Kaka Chura walikuwa na bendi. Wee! Pimbi aimbe, mwanawe mchanga mgongoni, Chura apige ngoma, hakuna harusi iliyofana bila wao.

Siku moja Fisi akaja na rafiki yake Kiboko, wakawanyang'anya ngoma zote mbili.

"Muziki wenu umechuja!" akafoka Fisi. "Uwanja wa harusi sasa wangu. Nikiwaona tena, huyo mtoto mgongoni namtafuna!"

Pimbi akakimbia, moyo pu! pu! pu!, mtoto ndiyo kwanza anaota meno, baba yake hayupo, na bila harusi hakuna chakula. Akaazima kinu na mchi kwa Nguchiro, akaazima ungo kwa Mama Kobe, atwange angalau mahindi ya watu apate makombo. Twa! twa! Chura akaja kumsaidia kupepeta, che! che! Mtoto naye, ng'aaa!

Mara Chura akaacha ungo. "Dada, unasikia?"

"Nasikia njaa."

"Huo ni wimbo, dada! Turudi uwanjani."

"Mwanangu ataliwa, kaka. Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Lakini heri tuogope tumeshiba."

Basi wakajipaka majivu, wakajitanda kaniki mpaka puani, wakaenda na kinu na ungo harusini kwa Swala. Kiboko akawazuia mlangoni.

"Nyie nani?"

"Bendi ya Kinu, wageni kutoka nyuma ya mlima," akajibu Pimbi.

"Mbona hamna ngoma?"

"Ngoma si zimechuja, mzee wangu?"

"Ho ho ho! Piteni!"

Twa! Che! Twa! Che! Watu wakaacha kula. Mara, chini ya kaniki: "Ng'aaa!"

Fisi akasimamisha masikio. "Hee! Kilio hicho nakijua!"

Mdomo ukamponyoka Pimbi: "Itikieni, jamani! Ng'aaa!"

"Ng'aaa!" akadaka Chura.

"Ng'aaa!" ikaitikia harusi nzima, na Fisi naye, akidhani ni kiitikio tu, kiuno hicho, "Ng'aaa!"

Sasa, desturi yao ilikuwa hivi: ukiguswa na wimbo, unasimama kumtuza mwimbaji, na ulichotuza mbele za watu hakirudi. Swala akatuza shanga. Kiboko akatuza kapu la mtama. Fisi, kwa kupenda sifa, apitwe?

"Mimi natuza ngoma mbili! Chukueni, zinajaa vumbi tu!"

Pimbi akazikumbatia kwanza, ndipo akashusha kaniki.

"Ahsante, Bwana Fisi. Umetutuza zetu."

"Aa! Pimbi! Leta hapa!"

"Kilichotuzwa hakirudi!" uwanja ukanguruma, Kiboko akiwamo, na Swala akamkumbatia mtoto kifuani. Nani angemgusa? Fisi akaondoka, tifu! tifu!, mkia katikati ya miguu.

Pimbi akarudisha mchi na kinu kwa Nguchiro, kinu kimejaa mtama, na ungo kwa Mama Kobe, shanga juu yake. "Ahsanteni, majirani. Bila nyie ningetwanga kwa kisigino." Kisha akambusu mwanawe utosini. "Nawe ahsante, mama, kwa kulia."

Nimefika mwisho, wanangu, nanyi shikeni hili: aliyenyang'anywa ngoma asikilize kilio chake, huenda ndio wimbo.