Ninga Aliyemtafuta Mwenzake Kiooni

Paukwa!

Pakawa!

Kioo kikawa. Kikawa cha nani?

Cha anayetazamia.

Haya, sogeeni motoni, na wewe uliyenyoosha miguu ikunje wenzako wapate pa kukaa.

Hapo zamani za kale palikuwa na jumba juu ya kilima, vioo vyake vingi kuliko kuta zake. Mwenye jumba alikuwa Bi Tima, mjane. Mumewe alilijenga hivyo kwa kupenda jua. Akafa, na jua likabaki linaingia chumba hiki, linaingia chumba kile, halimkuti mtu.

Vioo vile vilikuwa na fundi wake wa kuvisafisha, mwanamke mmoja jina lake Mize. Ngazi yake, ndoo yake, sabuni yake, kitambaa chake. Akimaliza dirisha la mwisho, la kwanza limeshashika vumbi. Alilala kibanda cha uani, peke yake. Hana mume, hana mtoto, hana hata jirani wa kumwomba chumvi. Kila asubuhi alisimama barazani akaita, "Shikamoo, Bibi!" Sauti ikajibu kutoka ndani kule, "Marahaba." Basi. Mpaka kesho yake tena: "Shikamoo, Bibi!" "Marahaba."

Bi Tima mwenyewe alikaa ghorofani, ndani kabisa gizani, kwenye kiti chake, macho kwenye dirisha moja tu, lile linalotazama barabara ya langoni. Binti yake aliolewa ng'ambo ya milima. Alisema, "Nitarudi, mama," na barabara ile ndiyo aliyoondokea.

Asubuhi moja Mize anafika, anakuta doa. Mavi ya ndege! Katikati ya dirisha lile lile, mazito, ya rangi ya zambarau, yamekauka kama lipu.

"We Mize!"

"Abee, Bibi!"

"Hilo nini kwenye kioo changu?"

"Ndege, Bibi."

"Ndege namjua. Nakuuliza lile alilotuachia. Siku mwanangu akipita nimkose kwa ajili ya mavi ya ndege, utanieleza nini?"

Mize akachukua kitambaa kikavu, akasugua, akasugua, akasugua. Doa likatapakaa. Lilikuwa kama sarafu, likawa kama sahani. Alilishughulikia mpaka jua la utosi ndipo likatoka.

Kesho yake doa lipo tena. Safari hii akachukua kisu cha jikoni, akakwangua, akakwangua, akakwangua. Kioo kikalia kwiii! Doa likatoka, lakini nyuma yake ukabaki mchoro mrefu, kama kovu la mkwaju.

Bi Tima hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Mize. Alisema polepole, "Leo umenikwaruzia kioo cha mume wangu. Sikiliza. Kesho nikiliona doa hilo jua limepanda, mawili: ama ndege huyo umtegee ulimbo anase hapo dirishani, ama ufunge mzigo wako uondoke."

Sasa wajukuu zangu, aende wapi? Hana pa kwenda. Na yule ndege, Mize alishamwona. Alikuwa ninga, njiwa yule wa kijani anayekula zambarau. Kutwa anashinda pale kwenye ukingo wa dirisha, anagonga kioo kwa mdomo, ko, ko, ko, anaimba:

*Mwenzangu, mwenzangu, fungua nipite,*
*zambarau zimeiva, nile na nani?*

Mize alipokuwa juu ya ngazi, wimbo ule ndio sauti pekee iliyokaa naye kutwa. Ataupakaje ulimbo?

Asubuhi ya tatu doa hili hapa. Mize akasimama nalo uso kwa uso. Pale pale akaikumbuka sauti ya marehemu mama yake, siku alipokuwa msichana anagombana na ukoko wa sufuria. Mama alimwambia, "Acha, utaitoboa bure! Mwagia maji moto, funika, kaongee na watu. Ukirudi umeachia wenyewe."

Akachemsha maji. Akatia sabuni, akalowesha kitambaa kipana, akakibandika juu ya kioo, kikafunika doa, kikafunika na mchoro. Maji moto tayari, kufunika tayari. Bado kuongea na watu. Watu gani? Akageuza uso barabarani, barabara nyeupe. Akakaa kwenye kidato cha ngazi, mikono mapajani.

Mara pu! Ninga katua, manyoya yamemsimama.

"Umempeleka wapi mwenzangu?"

"Nani?"

"Wa humu! Wa kijani kama mimi! Jana alikuwapo, juzi alikuwapo, leo umemfunika shuka kama maiti. Mfunue!"

"Ninga, humo hamna ndege."

"Hamna? Mimi nikija anakuja. Nikiinamisha kichwa anainamisha. Mke wangu alichukuliwa na mwewe, nikazunguka msitu mzima, nikamkuta hapa. Wewe unaniambia hamna!"

Mize akamwonea huruma. Akainua ncha ya kitambaa kidogo. "Haya, mwite."

Ninga akaita. Yule wa ndani akafungua mdomo, sauti hakutoa.

"Mpe bawa."

Ninga akanyoosha bawa. Yule naye akanyoosha, likagonga kitu baridi.

"Mgeuzie mgongo, uone kama atakufuata."

Ninga akageuka. Akangoja, akangoja, akangoja. Hakufuatwa na mtu.

"Hiki kitu kinaitwaje?" akauliza, hajageuza uso.

"Kioo."

"Kioo cha kuonea wengine, au kioo cha kujionea?"

"Vyote ni kioo," akasema Mize. "Sisi watu neno tunalo hilo moja tu."

"Basi ni mimi," akasema Ninga. "Siku zote hizi nilikuwa najiimbia mwenyewe."

"Usikae hapa, ndugu yangu. Watakutegea ulimbo."

"Sina tena la kunikalisha." Akajikung'uta. "Ila umenisemesha. Tangu mwewe yule, wewe ndiye wa kwanza."

Akaruka. Akawa kama jani, akawa kama nukta, akapotea. Mize akalia pale juu ya ngazi, analia kimya kimya asisikike ndani.

Halafu akakumbuka kazi. Akajifuta macho, akashika kitambaa kwa ncha mbili, akakivuta polepole kutoka juu kwenda chini. Doa likaja nacho lote, laini kama ganda la yai la kuchemsha. Na pale kilipotoka kitambaa, kioo safi, mna uso wa mwanamke. Umejifunga ushungi, una makunyanzi, macho mekundu ya kulia.

Mize hakuwa na kioo cha kujitazamia kule kibandani. Akajisemea, "Kumbe nimezeeka hivi! Na hakuna aliyeniambia." Akautazama uso ule, akauonea imani, akausalimu:

"Hujambo, mwenzangu?"

Uso ukajibu, "Sijambo, mwenzangu."

Nusura ngazi imwangushe! Alikuwa Bi Tima.

"Nisamehe, Bibi! Shikamoo, Bibi! Nilidhani ni mimi!"

"Nimeshaitika ile ya kwanza," akasema Bi Tima. "Nilisikia watu wanaongea, nikafikiri amekuja mtu. Nikaja kuona." Wakatazamana, kioo katikati yao, mchoro unapita kati ya nyuso zao. "Mize, wewe uko nje huko. Mimi kwenye barabara ile huwa naona nini?"

Mize akageuka akatazama, asimdanganye.

"Barabara, Bibi."

Bi Tima akaitazama barabara mara moja tu, akaiacha. Kisha akasema, "Shuka. Pita ndani, chai inapoa."

Tangu siku ile wakawa wanakunywa chai pamoja, viti viwili nyuma ya dirisha moja. Binti hakuja. Zambarau zikaisha, zikachanua, zikaiva tena mpaka zikaanguka zenyewe chini. Na kila asubuhi, kabla ya shikamoo na kabla ya marahaba, wanawake wale wawili wanakikagua kioo, juu, chini, pembeni, wanatafuta doa la ninga.

Kioo cheupe pe.

Hadithi yangu nimeikung'uta kama kitambaa, na hapo ndipo ilipoishia. Aliye karibu na kuni, aongeze moto.