Kwa Nini Warina Asali Huchoma Ncha ya Kamba

Ilikuwa hivi, nanyi mnaosikiliza kila mtu achukue lililo lake. Hapo kale, katika nchi ya miyombo, hakuna aliyeuliza kamba imetoka wapi. Kamba ilikuwa gome. Mtu alibandua gome la myombo wakati wa masika, akaliloweka, akalipondaponda, akalisokota juu ya paja lake. Ilipofika masika nyingine kamba hiyo ilikuwa imekwisha, imeliwa na mchwa au imegeuka udongo, naye akasokota nyingine. Hakuna aliyenung'unika. Ugali wa jana umekwisha, leo si unasongwa mwingine?

Ninyi mnaocheka mkiwaona warina asali wakichoma ncha ya kamba kabla ya kupanda mti, kisha wakainusa kama mtu anayenusa mboga iliyolala, hamjui jambo hilo lilianzaje. Mimi najua, maana lilianzia kwetu.

Alikuwepo Mzee Ngasa, msokota kamba, na wanawe pacha, Kulwa na Doto. Kulwa ndiye aliyepanda mitini. Doto alibaki chini kupokea masega. Siku ya kurina, Kulwa alijifunga kiunoni kamba ya baba yake, akaifunga ncha ya pili kwenye tawi imara, akaning'inia mbele ya mzinga na mwenge wa moshi mkononi. Kule juu, moshi na nyuki humfumba mtu macho asione hata vidole vyake, kwa hiyo mrina aliongozwa na pua. Cheche ikiangukia kamba, gome liliungua polepole na kutoa harufu kama ya shamba linalochomwa. Mrina akapapasa, akaizima kwa kiganja, kazi ikaendelea. Warina wengi wa zamani walikufa kwa uzee tu.

Ikafika miaka ambayo mikono ya Mzee Ngasa ilipasuka kwa kusokota, ikawa inatoka damu kila masika. Doto alimwonea baba yake huruma. Akapita mchuuzi mwenye baiskeli, amebeba kamba ya buluu inayong'aa, na Doto akampa debe la asali, akaichukua.

"Baba, sasa pumzika," alisema. "Hii haiozi, mchwa hawaigusi, mvua haiifanyi kitu. Wajukuu zako wataikuta."

Mzee akaivuta kwa nguvu zake zote. Akaing'ata kwa yale meno machache aliyobakiwa nayo. "Ina nguvu," alisema, maana hakuwa mtu wa kukataa lililo kweli. "Imetokana na mti gani?"

"Si ya mti, baba. Imepikwa kiwandani."

Mzee akamrudishia Doto kamba yake. Lakini kamba ya gome aliyokuwa ameianza hakuiacha. Aliisokota mpaka mwisho, ingawa hakuna aliyemwagiza.

Na mimi sitaisingizia kamba ya buluu. Mwaka mzima ilichota maji kisimani, ikafunga punda, ikaanikiwa nguo, wala haikulegea hata siku moja. Ndiyo maana msimu wa asali ulipofika, Kulwa alijifunga hiyo. Ile ya baba aliona haya kuiacha nyumbani, akaipa kazi ya kuteremshia ndoo ya masega, imefungwa tawini kando yake. Mzee Ngasa alikuwa amewasindikiza siku hiyo, akaona kwa macho yake kamba iliyozoea kubeba mwanawe ikifungwa ndoo. Moyo ulimuuma sana. Hata hivyo alisema tu, "Fungeni vizuri."

Ilikuwa alasiri, upepo unavuma kidogo. Kulwa alipofungua mzinga, upepo ukachezea mwenge, cheche zikaangukia kamba zote mbili. Kamba ya gome ikaanza kunuka. Kulwa akaisikia harufu, akajisemea moyoni, hiyo ni ya ndoo, nitaizima baadaye. Yangu hainuki, basi ni nzima. Hapo ndipo pua aliyofundishwa na baba yake ilipompoteza. Kamba ya buluu ilikuwa inayeyuka kimya kimya. Tone la moto likamdondokea pajani, na kabla hajamaliza kupiga yowe, kamba ikakatika.

"Shika yangu!" Mzee Ngasa alipaza sauti kutoka chini. "Kulwa, shika yangu!"

Kulwa akarusha mikono, akaidaka kamba ya ndoo. Ilikuwa inafuka moshi, lakini ilimshika. Akateremka nayo, viganja vinachubuka, huku akisikia nyuzi za gome zikikatika moja moja juu yake. Zilimvumilia mpaka akafika kimo cha paa la nyumba, ndipo zikamwachia. Alivunjika mguu. Lakini alikuwa hai, na alikuwa akimwita baba yake.

Doto alikaa chini akalia kama mtoto. Mkononi alishika ncha ya kamba ya buluu, imejikunja na kuganda kuwa kitu cheusi, kigumu kama kokoto. Mzee Ngasa akaokota ncha ya kamba yake. Ilikuwa jivu, alipoipuliza, ikapeperuka.

"Usilie, mwanangu," alisema. "Ulinihurumia, na kamba yako si mbaya. Mpe punda, mpe kisima. Yangu hufa upesi, lakini huaga kwanza. Hii yako haiozi, ila siku yake ya kuondoka haimwagi mtu."

Kulwa alichechemea maisha yake yote. Doto, babu yangu, alikaa miguuni pa baba yake akajifunza kusokota, mpaka mikono yake nayo ikapasuka, na hakumruhusu mtu yeyote amhurumie. Kamba ya mzee ilishakuwa udongo zamani. Kipande cha ile ya buluu bado kipo chini ya mti ule. Mimi mwenyewe nimewahi kukifukua kwa kidole cha mguu, rangi yake ileile.

Na tangu siku hiyo, mrina asali wa kwetu hapandi mti kabla ya kuchoma ncha ya kamba yake. Ikijikunja na kudondosha matone, huiacha chini. Ikinuka shamba na kuacha jivu, hujifunga. Kwa hiyo mkimwona ameinamia kamba inayofuka moshi, msimcheke. Anaiuliza: siku yako ikifika, utaniaga?