Mtoto Huyu wa Nani?

Wajukuu zangu, naomba radhi mapema kabla sijakosea, maana nikishakosea nitaona haya kuomba. Kisa hiki nitakisimulia vibaya. Marehemu shangazi yangu alikuwa akikisimulia mpaka kuku wanasahau kudonoa. Mimi sauti yangu ni ya chura aliyemeza ugoro, meno yangu yamehama bila kuaga, na hili rundo la kuni nililolikalia linanichoma pasipotajika. Anayetaka kisa kizuri akamtafute mwenye meno. Hakuna anayeondoka? Haya, msije mkalalamika. Wewe Kombo, acha kuchezea shoka. Na wewe bibi yao huko jikoni, usinitazame hivyo; kuni zitapasuliwa, hazina miguu ya kukimbilia.

Basi hapo kale, kale iliyoizaa kale, mawe yakiwa bado mabichi na kuku akiwa bado na meno, palikuwa na mji. Palikuwa?

Palikuwa!

Mji wenyewe Kidundani, na Kidundani ulikuwa mji wa ngoma. Mtu akizaliwa, ngoma. Mtu akifa, ngoma. Mbuzi akipotea, ngoma. Akipatikana, ngoma tena, na hiyo ya pili mbuzi mwenyewe hakuifurahia.

Mwenye ngoma zote hizo, mtunzi wa nyimbo na mwongoza wachezaji, alikuwa Manju Kibindo. Jina alilopewa na mama yake lilisahauliwa. Walimwita Kibindo kwa sababu chochote kilichoingia kwenye mkunjo wa shuka lake hakikutoka tena, iwe karanga, iwe kipande cha nyama. Lakini kuimba! Jamani, kuimba! Akifungua kinywa, wakwe waliogombana wanashikana mikono. Na katika nyimbo zake zote, mmoja ndio uliokuwa malkia. Manju aliuliza, mji ukaitikia. Hebu nisaidieni kuitikia. Maneno ni mawili tu, hata mlevi anayaweza. Mnasema, "Ni wetu! Ni wetu!"

*Mvua yanyesha, mtoto yu nje,*
*mtoto huyu wa nani?*

Ni wetu! Ni wetu!

*Chungu chachemka, mtoto ana njaa,*
*mtoto huyu wa nani?*

Ni wetu! Ni wetu!

Ahsanteni. Mmeimba vibaya, lakini kwa moyo.

Sauti iliyotangulia kuitikia, ile inayowavuta wengine kama jogoo wa kwanza, ilikuwa ya mjane mmoja, Bi Masika. Kisa hiki ni chake. Alikuwa na nyumba isiyovuja, na ghala lenye mtama, na moyo mwema. Nasema mwema, msinikatize. Watu wabaya hawana kisa, wana kesi tu. Kisa ni cha watu wema.

Siku moja ya mavuno, jua la utosi, ngoma imekolea, koo la Bi Masika likamkauka kama ngozi ya kigoma. Nyumba ya karibu ilikuwa ya Manju mwenyewe. Akaenda kuchota maji. Mtungi wa mbele mtupu. Akazunguka nyuma, penye zizi la mbuzi, na humo zizini, katikati ya mbuzi, akamkuta mtoto wa kike. Magoti yametoka kuliko mapaja. Ameshika chungu kilichoungua, anakwangua ukoko kwa kijiti.

"Wewe! Mtoto wa nani wewe?"

"Sss!" Mtoto akainua kijiti. "Bibi, nyamaza kidogo. Wanafika pale."

"Pale wapi?"

Upepo ukaleta ngoma. *Mtoto huyu wa nani?* Na mji mzima: *Ni wetu! Ni wetu!*

Mtoto akatabasamu, midomo myeusi kwa masizi. "Umesikia? Mimi huyo! Mjomba ananiimba mimi. Na mji wote unasema mimi ni wao. Siku wakimaliza kuimba, watakuja kunichukua."

Bi Masika akashika ukingo wa zizi. Alijua sasa. Dada yake Manju alikuwa amekufa, na Manju alitangaza kwamba mtoto amepelekwa kwa watu wa baba yake.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Sikudhani. Mama alisema hakudhani kama angepata mtoto."

"Nisubiri hapahapa, Sikudhani. Nakuja sasa hivi."

Akatoka mbio.

Wajukuu, mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mngemshika mkono. Mkono ulikuwa pale, mwembamba kama mwiko, umbali wa kuunyoosha tu wa kwako. Lakini Bi Masika alikuwa na hasira, na hasira ya mtu mwema ina haraka ya kusikilizwa. Akaingia katikati ya uwanja, akapiga kofi juu ya ngoma kubwa, pu! Kimya.

"Kibindo! Unatutoa machozi kwa ajili ya yatima, na yatima mwenyewe umemfungia na mbuzi?"

Manju akafuta machozi. Ndiyo, alikuwa na machozi, na ya kweli. Naye alikulia uyatima. Tabu yake ni kwamba alimlilia yatima mmoja tu, yeye mwenyewe.

"Yule ni mdokozi," akasema. "Ananimalizia nyama. Kwani nyinyi mmekuja kusikiliza wimbo au kuchungulia vyungu vyangu?"

Lo! Mji ukawaka. Jumbe, mkuu wa mji, akaitisha baraza. Shauri lenyewe: wimbo wa mtu wa namna hii uendelee kuimbwa, au usiimbwe?

Sikilizeni vizuri. Hilo ndilo shauri waliloitana. Wimbo.

Akasimama Mzee Ndaro, mrina asali, uso umejaa makovu ya kazi. "Mimi namjua nyuki. Nyuki hana adabu. Ananiuma mimi, anauma mbwa, alimuuma mama mkwe wangu kwenye mdomo, na hilo peke yake nilimshukuru. Lakini asali ni asali. Nani hapa amewahi kuitema?"

Watu wakacheka. Bi Masika akaruka juu. "Mzee Ndaro, nyuki hajawahi kuimba kwamba yeye haumi!"

"Uuu! Kapigwa! Ndaro kapigwa!"

Jumbe akakohoa. "Wimbo ule ulinibeba nilipomzika mama yangu. Sasa mnataka niende kaburini nikayadai machozi yangu?"

"Jumbe wangu, heshima yako," akasema Bi Masika, "lakini mimi nikiitikia sasa, naonja ukoko."

"Basi tuuimbe bila kulia!" akasema mmoja.

"Tulie bila kucheza!" akasema mwingine.

"Tucheze, lakini tukiwa tumenuna!"

Palikuwa patamu, wajukuu. Uji wa pilipili manga ulipita, misemo ilipita. Hata waliokuwa hawajasema kitu maishani mwao walipata la kusema. Jua likazama, shauri halijakatwa. Wakarudi kesho, na kesho yake, na kesho ya kesho. Na kila baraza lilipovunjika, Bi Masika alitazama upande wa zizi, akajiambia, "Kesho. Tukishakata shauri, nampitia."

Mwishowe Bi Masika akashinda. Mpiga mbiu akazunguka mji: wimbo wa Kibindo umekufa. Atakayeuimba, na atakayeuitikia, atatoa mbuzi mnene. Wanawake wakambeba Bi Masika mpaka kwake kwa vigelegele. Alilala amechoka, na amefurahi, na mikono mitupu.

Na Manju? Alifungasha ngoma zake, akavuka vilima kwenda mji mwingine, ambako walimpokea kwa shangwe. Wenye sauti nzuri hawakosi pa kufikia. Kabla ya kuondoka akafungua zizi, akatoa mbuzi, akatoa na mtoto.

"Nenda kwa wenyewe," akamwambia. "Si wanasema wewe ni wao?"

Mtoto akaenda. Tena alikwenda anaruka, maana aliamini. Mvua ikaanza, mvua nzito ya mchana, na milango yote ya Kidundani ikafungwa. Sikudhani hakufundishwa kubisha hodi; alikuwa hajawahi kutumwa kwa mtu. Alichojua ni wimbo. Akasimama mlangoni kwa Jumbe, akaimba. Jumbe akamtazama mkewe, mkewe akatazama mbuzi wao. Kimya. Akaenda kwa Mzee Ndaro. Mzee Ndaro, mpenda wimbo yule, akajijaza asali mdomoni ili ulimi usimponyoke. Kimya. Mlango baada ya mlango, mpaka akafika kwa Bi Masika.

*Mvua yanyesha, mtoto yu nje,*
*mtoto huyu wa nani?*

…

Mbona mmenyamaza? Nimeuliza, mtoto huyu wa nani? Kombo? Hata wewe? Mnaogopa kutoa mbuzi, na hamna hata kifaranga!

Ee. Hivyohivyo. Ndivyo walivyonyamaza. Mmeona inavyokuwa rahisi?

Bi Masika alikuwa nyuma ya mlango, kiganja kimeziba mdomo. Neno lilikuwa juu ya ulimi, la moto kama punje ya bisi. Akawaza: mimi niliyeleta katazo, niwe wa kwanza kulivunja? Ndaro atanicheka mpaka nizikwe. Mji utasema sikuwa na hasira ya kweli. Akauma kiganja. Nje, mtoto akangoja kitambo, kama anayengoja mtu aliye mbali afike. Akauliza tena, kwa sauti ndogo zaidi. Kisha ukasikika mchapo wa nyayo kwenye maji, chap, chap, chap, ukififia.

Katazo lilikataza kuitikia. Halikukataza kufungua mlango. Jambo hilo lilimjia Bi Masika wakati nyayo hazisikiki tena, likamjia kama kofi. Akang'oa komeo, akatoka kichwa wazi mvuani, akipiga kelele:

"Sikudhani! Sikudhani!"

Jumbe akamsikia, akatoka. Mzee Ndaro akatoka, ndevu zinanata. Wote wakatoka, wakatawanyika mashambani na vichakani, wanaita, "Sikudhani! Sikudhani!" Mpita njia angewasikia kutoka mbali, angedhani ni mji mzima umesimama kwenye matope unajitetea. Wala asingekuwa amekosea.

Nyayo ziliishia kwenye mwamba. Mtoto hakuonekana. Wengine husema alipokewa na watu wasiojua kuimba hata kidogo, watu wenye sauti za punda, waliomwona amelowa wakamwambia, "Ingia, ule." Ningependa iwe hivyo. Shangazi yangu alipofika hapo alikuwa akiangalia pembeni.

Wimbo? Waliurudisha, bila shaka. Wimbo mzuri ni kama moshi, haufungiki ndani ya nyumba. Husemwa kwamba huko bado wanauimba, lakini kiongozi akiuliza, *mtoto huyu wa nani*, hakuna anayeitikia. Ngoma zinanyamaza pumzi moja, na wote wanageuka kutazama njia. Na Bi Masika tangu siku ile hakusema tena "karibu". Ukibisha hodi kwake, alifungua tu.

Najua mtaniuliza: Babu, basi wimbo ulikuwa mbaya au mzuri? Ulikuwa mzuri. Na Manju? Alikuwa mbaya. Mambo mawili hayo yalilala kitanda kimoja, na mimi mpaka leo sijaweza kuyatenganisha. Nikiuimba naona raha, halafu naona haya. Nijualo ni dogo. Wimbo hauna mikono. Uupende, uususie, mlango unafunguliwa na wewe.

Kisa nimekitua. Kikiwa kitamu, ni chetu sote tuliokila. Kikiwa kichungu, ni changu mpishi peke…

"Mzee!" Huyo bibi yenu. "Chungu kimepoa, maharage mabichi, watoto hawajala tangu asubuhi! Hizo kuni ulizozikalia ukitoa hekima, za nani?"

Ni zako, Babu! Ni zako!

Aha! Leo sauti zimetoka bila kuombwa. Kombo, lete shoka. Na mkienda kukisimulia kisa hiki kwa watu, tafadhali, msiseme nani kawasimulia.